Ulizo la Muzungu

Muheto, tarehe 9 mwezi wa tatu 1957

Kaka yangu Paul,

Nakusalimia wewe na bibi yako kule Hombo. Huku maharagi imezaa sana. Ile mbuzi uliniachia imezaa mapacha. Mama alikohoa mwezi muzima, lakini dawa ya dispanseri ilianza kumusaidia.

Wiki iliyopita muzungu mumoja mwenye kuandika kitabu juu ya makabila alipita hapa na karani wake. Kila nyumba aliuliza: «Kaburi ya babu yenu iko wapi?» Jirani zetu Wahunde walionyesha kilima chao. Mimi, kwa kuwa padiri anafundisha uongo ni zambi, nilijibu: «Iko Rwanda, kule tulitoka. Huku hatuna kaburi hata moja.» Karani aliandika.

Tangu siku ile watu wanasema wenye kukosa kaburi hapa watarudishwa kwao, mashamba yabaki. Joséphine-Marie, jirani Muhunde tuliyekuwa tunapukuchua naye mahindi, haitike tena salamu yangu. Naogopa, kaka. Ni kinywa changu njo kilisema.

Nilimuficha Mama maneno hayo, lakini alisikia kwa watu. Jana nilikuta chupa mupya ya dawa chini ya kitanda chake, ingali imejaa. Nilipomuuliza, alicheka kidogo: «Acha, mutoto wangu. Si munakosa tu kaburi moja?» Halafu akanionyesha pahali, nyuma ya migomba.

Kuja mbio. Wewe njo anakusikiaga. Leo asubuhi ameniomba jembe.

Ni mimi dada yako, mwenye kuangalia njia,
Libérata