Jumatano Uliyokuja, Mwaitu

Mpendwa Mwaitu,

Hujawahi kupata barua kutoka kwangu. Mimi na wewe tulikuwa watu wa simu, tena simu fupi: mvua imenyesha, mbuzi amezaa, watoto wako salama, haya, tutaongea. Sasa simu yako imo ndani ya droo ya mwanao Mutua, na mimi nina neno ambalo nimelibeba tangu tukuzike. Nitalianzia mbali kidogo, unisamehe. Unanijua, nikiwa na woga huwa nazunguka.

Nilipoletwa kwenu nikitoka Tawa, nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Dada zangu walikuwa wameniambia kwamba mama mkwe wa Mutomo ni mkali kama jua la huko. Wewe ukanipa kigoda, ukamwaga mahindi ya muthokoi kwenye ungo, ukasema tutoe mawe. Tulitoa mawe mpaka kivuli cha nyumba kikahama upande wa pili. Hukuniuliza habari za kwetu wala za ukoo wetu. Uliniuliza habari za kazi yangu tu.

“Huko hospitali unafanyanga nini?”

“Napiga picha, Mwaitu.”

“Picha ya nini? Ya mifupa?”

“Ya matiti.”

Ulicheka mpaka ukajifuta macho. “Na hao wamama wanakubali? Wanatoa nguo wakiwa na akili zao?”

“Wanakubali.”

“Ai! Mimi huwezi nipata huko. Niangaliwe na bibi ya mtoto wangu? Nthoni itaniua kabla ya hiyo ugonjwa.”

Nthoni, ile haya ya wakwe. Nilicheka pamoja nawe, kwa sababu niliona ni mzaha. Ulikuwa hodari wa mizaha, nami nikaiweka kauli hiyo pamoja na mingine yako yote.

Haya hiyo tuliitunza sote wawili. Mimi sikuwahi kukuita kwa jina hata siku moja, maana kwetu mke halitaji jina la mama mkwe wake. Nilikuita Mwaitu, yaani mama, kama alivyokuita mwanao. Kanisani uliitwa Mama Mutua, sokoni Mama Mutua. Na kwa vile nilizaa wavulana watupu, hakuna msichana aliyerithi jina lako akalileta nyumbani kwangu. Miaka kumi na saba ya kula sahani moja nawe, na kama mtu angenisimamisha njiani akaniuliza kitambulisho chako kinasemaje, ningebabaika.

Ulifurahi nilipofanywa mkubwa wa kitengo kuliko nilivyofurahi mimi. Ulichinja jogoo na kumwambia kila muuza mboga kwamba mke wa Mutua sasa ndiye mwenye mashine. Sikuwa na mashine, Mwaitu, nilikuwa na kazi nyingi. Nilipanga zamu. Niliipima mashine kila asubuhi kabla mama wa kwanza hajaingia. Niliwafundisha wasichana kumweka mama vizuri kati ya yale mabamba mawili, ili sehemu ya kwapani isiachwe nje ya picha. Niligombana na watu wa stoo. Na kila siku, kabla ya picha ya kwanza, nilisimama mbele ya benchi nikawahutubia wamama waliokuwa wakingoja.

Hotuba hiyo ndiyo niliyojivunia kuliko kazi nyingine zote. Unaujua mdomo wangu. Niliwachekesha, kisha nikawakemea, na niliamini kabisa kwamba kukemea ni sehemu ya matibabu. Mwende, msichana niliyemfundisha kazi, aliwahi kuniambia, “Madam, leo umewachapa sana.” Nikamjibu kwamba wakichapwa watakuja mapema.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Siku ya Jumatano mimi huwa kwenye mkutano wa wakuu wa vitengo mpaka saa sita. Wiki moja kabla ya Jumatano uliyokuja ulikuwa umenipigia simu, ukaniuliza katikati ya habari za mbuzi, “Ile mkutano yako ni siku gani?” Nikakujibu bila kufikiri. Ulikuwa umeshaonwa na daktari huko kwenu, akakuandikia karatasi uje hospitalini kwetu kwa sababu ya uvimbe. Ungekuja siku ambayo mimi sipo, Mwende akupige picha, uvae nguo zako, urudi Mutomo, na haya yetu ibaki mahali pake. Ulipanga vizuri, Mwaitu. Ila Jumatano hiyo mkutano uliahirishwa.

Nilitoka mlangoni asubuhi hiyo nikiwa na nguvu zote. Benchi ya mbele alikaa mama mmoja ambaye titi lake lilikuwa limeshatoboka. Nilimsimamisha mbele ya wenzake.

“Ulikuwa wapi siku hizo zote?”

“Nilikuwa nangoja tuvune ndengu, daktari.”

“Ndengu! Sasa hiyo ndengu ndio itakushonea?”

Wamama wakacheka, kile kicheko cha mtu anayeomba asiwe wa pili. Sikuishia hapo. Nilisema wanawake wa pande hizi hawaji hospitali kutibiwa, wanakuja kuaga. Nilisema mtu anayekaa na uvimbe miezi na miezi hana tofauti na mtu anayejichimbia kaburi. Nilisema kwa sauti, na niliipenda sauti yangu.

Ndipo nikakuona benchi ya nyuma. Umeinamisha kichwa, mkono mmoja umefumbata kitu ambacho sikukijali. Leo najua ilikuwa ile karatasi ya daktari.

“Mwaitu! Umekuja kuona nani?”

“Nimekuja tu kukusalimia.”

“Kutoka Mutomo mpaka huku? Si ungepiga simu?”

“Simu haionyeshi kama mtu amekonda.”

Nilifurahi kama mtoto. Nikakushika mkono, nikakuinua kwenye ile benchi, nikakupeleka kantini. Uligeuka mara moja kuangalia mlango wa chumba cha picha, nami nikadhani unastaajabia ukubwa wa hospitali. Tukanywa chai. Ulikula andazi nusu, ukanieleza habari ya jirani aliyehamisha mpaka wa shamba, tukacheka. Na tulipokuwa tukicheka, karani alikuwa amesimama pale mlangoni akiliita jina lako. Aliliita mara tatu, kama utaratibu wetu ulivyo, kisha akaandika: hakuitika. Ningekuacha ukae dakika ishirini tu, ungeitwa. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye foleni, kisha nikakusindikiza mpaka steji na kurudi kazini nikiimba.

Natamani ningeweza kusema kosa liliishia hapo. Kila mwisho wa mwezi huletewa orodha ya wale walioitwa wasiitike, niamue nani atafutwe. Ulikuwemo. Kwenye nafasi ya simu hapakuwa na kitu, maana ulikataa kumpa karani namba ambayo ningeitambua. Kwenye nafasi ya makao paliandikwa Kitui tu, bila kutaja Mutomo. Na jina lako, Mwaitu, lilikuwepo zima, la ubatizo, lako na la baba yako, nami nikalisoma kama jina la mtu nisiyemjua. Heshima niliyokupa miaka kumi na saba ilikuwa imenifanya nisikujue. Wale ambao hawakuwa na simu nilikuwa nawaandikia neno moja pembeni, ili orodha iishe na roho yangu itulie. Nawe nilikuandikia kwa kalamu nyekundu: Hajali.

Miezi minane baadaye Mutua alikuleta kwa gari la jirani. Harufu ya kidonda niliisikia kabla hujashushwa, na nikajua, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Karani akachukua kitambulisho chako, akabofya, akainua macho.

“Huyu mama ako kwa sistimu. Alikuja mwezi wa nne. Aliitwa, hakuitika.”

Mutua akakugeukia. “Mwaitu, ulikuja huku?”

Mwezi wa nne ukanijia wote kwa mara moja: benchi, mkono uliofumbata, chai. Nikajibu kabla yako. “Hapana. Hiyo ni makosa ya sistimu.”

Ulikuwa kwenye kiti cha magurudumu katikati yetu. Uliniangalia, na sitaki kusema uliniangalia vipi. Kisha ukamwambia mwanao, “Mimi ningekuja aje na hii miguu?”

Ulinisikia nikidanganya na ukanisaidia kudanganya. Mwende ndiye aliyekupiga picha, kama ulivyotaka tangu mwanzo, nami nikasimama nje ya mlango wa chumba changu mwenyewe kama mgeni. Baadaye nilifungua faili ya orodha nikatafuta mwezi wa nne. Nililiona lile neno kwa mwandiko wangu. Nilikaa na faili hiyo magotini mpaka Mwende akaja kuniuliza kama naumwa.

Wiki zako za mwisho nilikulisha uji kila siku baada ya kazi. Mara mia nilitaka kukueleza. Siku moja wauguzi walipokuwa wametoka, ukasema bila kuniangalia, “Ile chai ya siku ile ilikuwa tamu.” Nilipaswa kupiga magoti hapo hapo. Badala yake nilikufuta mdomo nikakuuliza kama unataka maji. Woga wangu ni wa kijinga, Mwaitu. Nilimwogopa mgonjwa asiyeweza hata kugeuka kitandani.

Sikuombi msamaha kwa barua hii. Nadhani ulinisamehe pale mapokezi, na mimi nikauchukua msamaha wako nikajifichia ndani yake. Lililonifanya niandike ni jingine, la mwezi uliopita. Tulialikwa kanisani Makindu, akina mama walikuwa na siku yao, wakamwomba Mutua aseme machache kuhusu ugonjwa huu kwa vile ulitupitia. Alisimama akasema, “Mama yangu alikuwa kichwa ngumu. Bibi yangu ndiye mkubwa wa hiyo mashine, na mama hakukanyaga huko mpaka akabebwa. Tafadhali msikuwe kama yeye.”

Wakaitikia amina. Wengine walinigeukia na macho ya huruma, na baada ya ibada wakanishika mkono wakanipa pole kwa kuwa na mkwe mkaidi. Nilizipokea pole hizo. Nilisema asante. Wewe ambaye uliamka gizani ukatoka Mutomo na karatasi mkononi, ukaandikisha jina, ukakaa foleni kama wenzako, sasa unatajwa makanisani kama mfano wa mwanamke asiyejijali. Neno langu la kalamu nyekundu limetoka kwenye faili, na mwanao ndiye anayelitangaza.

Kazini mambo yamebadilika kidogo, nisikudanganye kwamba ni sana. Anayezungumza na wamama asubuhi ni Mwende. Hakuna anayeandika lolote pembeni ya jina tena, na asiyekuwa na simu tunamtafuta kupitia kwa mhudumu wa afya wa kijijini kwao. Lakini juzi tu nilimfokea mama mmoja aliyechelewa, na nilipomfuata kumwomba radhi alikuwa ameshaenda. Mwende alimfuata mpaka getini akamrudisha. Mimi nilijificha stoo mpaka picha yake ikaisha.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula, wavulana walitoka kwenda kucheza mpira na nyumba ikabaki yetu wawili. Nilimwambia Mutua. Nilimwambia yote bila kuzunguka, mkutano ulioahirishwa, yule mama wa ndengu, benchi, kantini, karani akiita, orodha, neno lile, na uongo wa sistimu. Nilimwambia kwamba ulikuja, na kwamba ukaidi ulikuwa wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa na majibu tayari, hata ya kufukuzwa.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza kitu kimoja tu.

“Siku hiyo alikuwa amevaa nini?”

Nilifungua mdomo nimjibu, Mwaitu, na sikukumbuka.

Pumzika. Makanisani atakayesimama kukuzungumzia kuanzia sasa ni mimi.

Wako,
Mke wa Mutua