Kuanguka kwa Kocha Menchaca

KITUO CHA POLISI, PASO LAUREL
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Heber Olascoaga
Umri: Miaka 63
Kazi: Fundi wa matandiko ya farasi
Makazi: Mtaa wa Stesheni, Paso Laurel, Uruguay
Tarehe na saa: Ijumaa, 16 Agosti 2019, saa 3:20 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuwa mwanachama wa klabu ya mpira ya Estrella del Laurel tangu mwaka 1974. Nimekuja bila kuitwa. Nataka kueleza jinsi kocha Ruperto Menchaca alivyoanguka kwenye ukumbi wa klabu, kwa sababu kijana mnayemshikilia, Bruno Techera, hakumsukuma.

Klabu yetu ilishuka daraja mwezi Mei na kocha aliyekuwapo akajiuzulu. Yakabaki majina mawili ya kumrithi. La kwanza ni Ruperto, miaka 69, aliyetupa ubingwa wa mkoa mara tatu. La pili ni Facundo Irigaray, miaka 31, aliyeumia goti akaacha kucheza, akaenda Montevideo kusomea ukocha. Jina la Ruperto nililipendekeza mimi. Tulikuwa marafiki tangu utotoni.

Kwa miezi miwili mji haukuwa na habari nyingine. Kwa kinyozi, kwa muuza mikate, hata msibani, watu walikuwa wakiulizana: mzee au kijana? Karakana yangu ilikuwa kambi ya mzee. Bruno, ambaye ni fundi wa matrekta mwenye miaka 27, alikuwa kambi ya kijana. Alipita kila asubuhi kunichokoza.

"Mzee Heber, wewe unatafuta kocha au unatafuta mtu wa kunywa naye chai?"

"Natafuta mtu aliyewahi kushinda kitu," nilimjibu. "Huyo Irigaray wako ameshinda nini? Mtihani?"

"Angalau mtihani ameufanya. Mzee wako ukimpa kompyuta ataifungua kwa bisibisi."

Tulicheka. Naomba iandikwe kwamba siku hizo tulikuwa tukicheka.

Tarehe 20 Juni, mnamo saa nane mchana, Ruperto alikuja karakana. Tulikunywa chai, tukazungumza, akaaga. Baada ya kama dakika kumi alirudi, akasimama mlangoni.

"Heber," aliniambia, "nyumba yangu iko upande gani?"

Nilidhani ananitania. Nyumba yake inaonekana ukisimama mlangoni kwangu, na amekaa humo miaka arobaini. Lakini hakuwa anacheka. Nilimshika mkono nikampeleka. Tulipofika getini akasema, "Usimwambie Ofelia." Ofelia ni mke wake. Sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote. Nilijisemea kwamba ni baridi, ni uchovu. Jina lake sikuliondoa.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti, saa kumi jioni, alikuja tena. Hakuketi.

"Ondoa jina langu," alisema.

"Kesho ndiyo kura, Ruperto. Watu wanakusubiri."

"Wanamsubiri mtu mwingine. Huyo mtu hayupo tena."

"Ukishakanyaga uwanja kila kitu kitarudi," nilimwambia.

Alivaa kofia yake, akaondoka. Nilikuwa naamini nilichomwambia. Au nilitaka kukiamini, sijui.

Siku ya Jumapili, tarehe 11 Agosti, mkutano ulianza saa nne na robo asubuhi. Walikuwapo watu kama mia na arobaini. Ukumbi una jukwaa la mbao lenye kimo cha mita moja, halina kizuizi mbele, na sakafu ya chini ni saruji. Jukwaani alikuwapo mwenyekiti, Bi. Zulma Etcheverry, kwenye kipaza sauti. Irigaray aliketi kushoto. Ruperto aliketi kulia, karibu na ukingo. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake kwa kuwa ndimi niliyempendekeza.

Nilizungumza kwanza. Nilisema klabu iliyozama haiwezi kupewa mtu ambaye bado anajifunza. Nilisema Ruperto amewahi kufundisha kwenye matope, bila mipira, bila mishahara, na akashinda. Wengi walipiga makofi.

Bruno akaomba nafasi. Alisimama chini, hatua mbili tu kutoka jukwaani. Hakuwa na hasira.

"Mwalimu Menchaca nampenda," alisema. "Ndiye aliyenifundisha kutumia mguu wa kushoto. Lakini kwenye mechi ya kirafiki ya mwezi uliopita, tulipomwomba atusimamie, alimwita mchezaji mwenzetu Silveira kwa jina la baba yake. Mara tatu. Na baba yake Silveira tulimzika miaka tisa iliyopita."

Nilijua kwamba anasema kweli, kwa sababu nilikuwapo kwenye mechi hiyo. Nilipaza sauti nikasema, "Kaa chini, mtoto wewe. Ulikuwa unanyonya wakati huyu anatuletea vikombe." Baadhi ya watu walicheka. Wengine walianza kuzomea, kambi zote mbili, viti vikasogezwa.

Hapo Ruperto alisimama. Aligeuza kichwa akaniambia kwa sauti ya chini, "Kijana anasema kweli. Acha niwaambie mwenyewe." Kwa kelele zile, naamini hakuna aliyesikia isipokuwa mimi.

Akaanza kutembea ukingoni mwa jukwaa kuelekea kipaza sauti. Nilielewa anakwenda kusema nini. Mimi nilimshika koti kwa nyuma, begani, upande wa kulia. Nilisema, "Kaa, Ruperto." Alijitoa mkononi mwangu kwa nguvu, mguu ukakosa ubao, akaanguka mbele. Kichwa kiligonga saruji.

(Hapa nilimsimamisha shahidi na kumwonya kwamba si lazima aendelee, na kwamba atakayosema yanaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Akajibu: "Nimeelewa. Andika." – Sajini M.C.)

Bruno alikuwa chini, mikono ameinua. Waliokaa nyuma waliona mikono yake na mwili wa Ruperto ukija juu yake, basi mtu mmoja akasema Bruno amemvuta, mwingine akasema amemsukuma. Bruno alikuwa anajaribu kumdaka. Nilikuwa juu, niliona vizuri. Polisi walipofika saa tano na dakika kumi waliniuliza nimeona nini. Nikasema sikuona.

Ruperto alifariki hospitalini Jumatano alfajiri bila kuzinduka. Alizikwa jana saa tisa alasiri. Nilibeba jeneza, upande wa mbele. Baada ya maziko Ofelia alinishika mikono yote miwili mbele ya watu.

"Asante, Heber," alisema. "Wewe ulimtetea mpaka mwisho."

Mama yake Bruno alikuwa amesimama peke yake nje ya ukuta wa makaburi. Hakuna aliyemsogelea. Nilipita karibu naye, nikaangalia chini.

Koti bado liko kwa Ofelia. Lichukueni mlitazame. Mshono wa bega la kulia umefumuka kwa nyuma. Nimefanya kazi ya mishono miaka arobaini na tano. Mtu akisukumwa au akivutwa kutoka mbele, mshono ule haufumuki hivyo.

Ofelia bado hajui. Nikitoka hapa, kama mtaniruhusu kutoka, naenda kwake kabla hajasikia kwa watu. Kuhusu klabu, nimeambiwa mwenyekiti ameitisha kura upya na kwamba jina ni moja tu, la Irigaray. Ruperto angempigia kura. Mimi sitakwenda.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimeyasema kwa akili timamu na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: H. Olascoaga

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Mirta Cabrera, na kumsomea shahidi kuanzia mwanzo hadi mwisho, saa 5:05 asubuhi. Shahidi ameyakubali isipokuwa neno moja. Pale nilipoandika "nilimshika koti" aliomba isomeke "nilimvuta koti". Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema anayo. Nimeweka sahihi yangu, naye ameweka yake, pembeni mwa neno hilo.

Sajini M. Cabrera