Sitaolewa Kabla ya Noeli

Tshopo, Kisangani

Mama yangu mpenzi,

Magoti yako yanaendeleaje tangu mvua zianze huko Kindu? Mimi mzima. Darasani nina watoto wengi kuliko madawati, lakini sauti bado ninayo.

Uliniambia kwenye simu nikubali ndoa haraka, Faustin asije akaniponyoka. Nilinyamaza kwa heshima. Sasa nakujibu.

Mjomba wake, yule tonton wa Isangi, alikuja na mbuzi wa mahari. Hata chai hakungoja. Akasema, "Mbuzi iko hapa. Jumamosi tunamaliza."

Nikamwambia, "Tonton, tuko katika Majilio. Padri hafungishi ndoa sasa, na mama yangu hawezi kufika kabla ya Januari."

"Padri ndiye anaoa? Tutaenda komini, serikali itafungisha, basi. Ukikataa, tutatafuta mwingine. Wanawake iko wengi hapa Kisangani!"

Nikamtazama Faustin. Akawa anatazama viatu vyake. Mama, hilo ndilo lililoniuma.

"Bon, mutafute," nikasema. Nikammiminia tonton chai yake, nikaingia chumbani, nikalia.

Usidhani ni ukaidi tu. Nilimwona dada Feza akiozwa ndani ya siku nne kwa sababu bwana harusi alikuwa na haraka ya safari. Wewe na mimi ndio tuliompokea aliporudi na mkono uliovunjika. Nani aliuliza siku ile haraka ilikuwa ya nini?

Jumapili ya kwanza ya Majilio nilikwenda misa peke yangu. Ya pili vilevile. Wanawake waimbaji wa koro walinong'ona juu yangu, mmoja akaniambia nimpigie simu mwanamume nimwombe radhi. Sikupiga. Padri alihubiri uvumilivu, wengi wakasikia kunyamaza na kuinamisha kichwa. Mimi nilisikia kusimama mahali pangu nisisukumwe. Lakini usiku sikulala vizuri, sikufichi.

Jumapili ya tatu mtu akaketi kando yangu, shati lina vumbi la mbao. Faustin. Alitoka moja kwa moja karakanani.

Nje ya kanisa akasema, "Nimemwambia tonton arudi na mbuzi wake."

"Akasemaje?"

"Eti umeniloga."

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. "Siku ile ulinyamaza, Faustin."

"Niliogopa. Yeye ndiye alinilea."

"Alors, ogopa. Lakini usinyamaze tena."

Akakubali kwa kichwa. Nikamngoja. Hatimaye akalisema kwa mdomo, watu wakisikia: "Sitanyamaza tena."

Ndoa ni Jumamosi baada ya Epifania, mbele ya padri, nawe ukiwa benchi la kwanza. Tonton asipokuja, kiti chake kitakaa kitupu, na nitaolewa vilevile.

Nisalimie papa mdogo, na bibi anayekulelea kuku. Dada Feza mwambie namtaka awe shahidi wangu. Akisema anaona aibu kusimama mbele ya watu, mwambie kwamba aibu si yake.

Mwanao asiyesukumwa,
Godelive