Mtu wa Tatu Kwenye Boti

Mama,

Mwakeye, nakusalimu kwa Kiha chetu. Sijawahi kukuandikia, maana tulikuwa tunatenganishwa na ukuta mmoja tu wa udongo. Lakini jambo hili siwezi kumwambia Baba kwa kuwa linamhusu, na watu wengine unajua siwawezi. Umebaki wewe.

Kwanza ya nyumbani. Nimemaliza kidato cha pili, matokeo bado. Maharage ya bondeni yamepata mvua nzuri. Malori yenye maturubai yanapita kwenda Nduta, kambi imefunguliwa tena, watu wa Burundi wanavuka kama zamani zile ulizonisimulia. Baba bado anatengeneza baiskeli pale sokoni Kasulu. Jembe lako lilikuwa nyuma ya mlango kama ulivyoliacha. Matanga hayajaondolewa, na hakuna wa kulishika mpaka siku hiyo, litakapokabidhiwa kwa mtu atakayelima shamba lako.

Sasa sikiliza. Shule zilipofungwa, Baba alisema tutakwenda Kigoma kutembea. Baba, Mama. Mtu ambaye hata Kibondo kwa dada yake huenda kwa msiba tu. Nikamwuliza tunakwenda kutembea kwa sababu gani. Akasema, "Kuona mji. Wewe si unasoma jiografia?" Hapo shaka ikaniingia. Kabla hatujaondoka nilichukua jembe lako nikalificha darini jikoni, nyuma ya magunia ya mahindi. Sikujua hasa ninamficha nani asilione.

Siku ya kwanza tuliona stesheni ya reli na soko la Mwanga, tukashuka mpaka Ujiji. Jua lilikuwa kali. Baba alipangusa jasho akinionyesha vitu ambavyo na yeye alikuwa anaviona kwa mara ya kwanza, nikaanza kujuta kumshuku. Jioni akavua viatu, akasema, "Mji tumeuona, miguu imekwisha. Kesho tupumzike majini." Kulikuwa na boti inayotembeza watu, inaambaa na milima mpaka kwenye fukwe za mbali, halafu inarudi.

Asubuhi tulipofika ufukoni Kibirizi, Mama Shukuru alikuwa amekwisha kaa ndani ya boti.

Ni yule mjane anayeuza vitenge Manyovu. Alikuja msibani kwako akaosha vyombo mpaka wageni wa mwisho walipoondoka, nikadhani ni ndugu wa upande wenu. Akasema amefuata mzigo mjini, akasikia habari ya boti. Baba akasema, "Eh, na wewe uko huku?" Alilisema vibaya, kama mwanafunzi anayekariri shairi asilolielewa.

Nilikaa nyuma, nikafungua kitabu, nikawa nawachungulia juu ya ukingo wake. Kuzuri kule, Mama, sitakudanganya. Maji ni ya kijani karibu na mawe, halafu ghafla yanakuwa bluu nzito, na milima inateremka moja kwa moja mpaka ziwani kana kwamba imekuja kunywa. Lakini sikuwa naangalia milima. Mama Shukuru alitoa chupa ya chai, akammiminia Baba kikombe, akampa bila kutia sukari. Hakumwuliza. Unajua watu wasiomzoea humtilia vijiko vitatu na yeye hunywa kwa aibu. Huyu nani alimfundisha?

Nahodha, kijana mwenye maneno mengi, akatoa simu. "Mzee, niwapige picha ya familia? Mama, sogea kwa mzee, si mamba huyo. Na wewe binti, weka kitabu, hakijui kuogelea." Baba akacheka. Sijamsikia akicheka tangu masika. Nikauzamisha uso wangu kwenye kitabu.

Baada ya muda Mama Shukuru alikuja mpaka nyuma, akaweka pembeni yangu karanga za kukaanga ndani ya karatasi, akarudi kwake bila neno. Nikasema moyoni, hii ni rushwa. Sikuzigusa.

Tulipokuwa tunarudi nilifanya jambo ambalo hutaamini. Nilisema kwa sauti, watu wote wakiwepo, "Mama Shukuru, umejuaje kwamba Baba hatumii sukari?"

Baba akakazia macho milima. Mama Shukuru alifunga kifuniko cha chupa taratibu.

"Mama yako aliniambia," akasema. "Hospitalini, nilipokuwa namwuguza dada yangu kitanda cha jirani. Baba yako ameniuliza kama nitakuja kwenu matanga yakiisha. Nikamwambia simjibu mpaka binti awepo. Ndiyo maana uko hapa."

Nikamwambia maiti haulizwi, kila mtu anaweza kusema aliambiwa.

"Kweli," akasema, wala hakukasirika. "Lakini aliniambia na hili. Devota akikaa na kitabu bila kugeuza ukurasa, usimwulize kitu. Mpelekee karanga, uondoke."

Nikatazama kitabu. Ulikuwa ukurasa ule ule tangu Kibirizi.

Mama, hilo hata Baba halijui. Kwa hiyo sasa ninayemshuku ni wewe. Mimi nilikuwa nakuletea uji, unaniambia rudi shule, nitapona, na nikigeuka tu unamgawia mtu wa kitanda cha jirani mambo yetu, moja moja? Ulijua tangu lini? Nimekukasirikia wiki nzima. Halafu naukumbuka mkono wako unavyosukuma kibakuli cha karanga mlangoni kwangu, mkono tu, bila uso, na

Nimerudi. Nilitoka nje kidogo.

Sijamwamini bado. Mtu anaweza kuambiwa mambo mazuri na bado asiwe mwema. Ila jembe nimelishusha darini, nimelirudisha nyuma ya mlango. Siku ya kuondoa matanga, wazee wakiuliza nani alishike, nitasema mimi. Nitalima nalo msimu mmoja, yeye alime pembeni yangu na jembe lake, nimwone. Sitalificha tena. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Mama. Nitakuja kukupalilia mvua zikikatika.

Karanga nilizitafuna tulipokaribia nchi kavu. Hazikuwa na chumvi ya kutosha. Hilo hukumwambia, na mimi sitamwambia.

Mwanao,
Devota