Fundo la Koka Mezani

Jumapili, 1 Februari

Wamekuja! Rufino, wazazi wake, na mjomba wake ndiye mshenga. Mimi jikoni, sikio mlangoni. Majani yao ya koka yamefungwa kwenye kitambaa chekundu. Baba akifungua na kutafuna, posa imekubaliwa. Basi Rufino wangu, kwa woga, akampa kwa mkono mmoja! Wa pili umeshika kofia! Koka, ya kutolewa kwa mikono miwili! Baba akauliza kwani hapa analishwa mbwa. Wakaondoka vichwa chini. Kitambaa kimebaki mezani. Baba kasema asikiguse mtu, Jumapili ijayo waje wakichukue wenyewe.

Nimelia. Kisha nimekasirika. Mjinga yule! Nampenda.

Jumanne, 3 Februari

Mvua. Mlima umeporomoka barabarani, lori la koka halikufika. Mfuko wa Baba wa koka ya kutafuna kila siku umebaki vumbi tu. Na sasa jino limemwanza. Mama kampa maji ya chumvi. Kayatema, katukana.

Alhamisi, 5 Februari

Shavu limevimba. Hali, hasemi, ananguruma tu. Angeweka majani ya koka kidogo shavuni, ganzi ingemtuliza, lakini majirani nao wameishiwa. Mama, kwa sauti tamu mno: koka ipo, mzee, ile pale. Baba kajibu afadhali ang'olewe jino kwa koleo. Nimecheka hadi nikajificha nyuma ya sufuria. Mungu anisamehe, ni baba yangu na anaumwa.

Nimemwona Rufino malishoni. Yuko tayari kuja tena, hata kwa magoti. Nikamwambia magoti ya nini, we acha kutetemeka tu!

Jumamosi, 7 Februari

Baba kakaa mezani tangu asubuhi. Supu imepoa. Anakitazama kitambaa.

Kauliza, bila kumtazama mtu, hiyo koka imetoka bonde gani. Mama kasema yeye atajuaje, na haijafunguliwa? Halafu: eti yule kijana anajua kulima viazi kweli, au kushika kofia tu? Anajua! — nimepiga kelele kutoka jikoni. Mama kanikata jicho.

Naandika huku nachungulia. Kakivuta kitambaa karibu. Anahangaika na fundo. Analalamika: nani kalikaza namna hii, wanafunga koka au ng'ombe?

Ananiita. Zenobia! Njoo, mwanangu, vidole vyako vyembamba, nisaidie hapa —