Kompyuta Tisa na Sahihi Yangu

Nyumbani kwa Mama, chumba cha mbele
Alhamisi, tarehe 12

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unatembea shati wazi kwenye baridi ukijifanya chuma? Sisi tu wazima. Mama siku hizi hupanda ngazi kwa kupumzika, lakini ulimi wake hauna likizo. Barua hii anakuletea binamu dereva, maana simu siiamini tena. Vumilia mwandiko, mkono umezoea kubonyeza tu.

Bado ni fundi wa kompyuta kwenye ile ofisi ya wakili. Mwezi huu serikali imetuletea waraka: kila ofisi iweke mfumo endeshi walioutengeneza wao, yaani ile programu inayoendesha kompyuta nzima. Anayetaka mwingine aandike sababu, na fundi asaini kwa jina lake kamili. Wakili kaniachia mimi. "Mwanangu, haya mambo mimi ni kipofu," alisema. "Chagua, nitasimama nawe."

Nimeujaribu mfumo wao kwenye kompyuta moja tupu. Kila faili ukihifadhi, nakala inaondoka kimyakimya kwenda kwao. Na kwenye mafaili yetu yumo mama mmoja fundi cherehani, huja kila Jumatatu kutueleza mwanawe anayetafutwa na serikali amehamia wapi. Hutaja mtaa, hutaja mlango. Anatuamini, maskini.

Sasa nikwambie kitu. Kompyuta yako ya pale gazetini niliiwekea mfumo wao mimi, na ulinisifu kwa kumaliza haraka. Nilimaliza haraka kwa sababu yale masharti marefu sikuyasoma. Nilibonyeza "nakubali", nikaenda kula. Wiki tatu baadaye walikuja kukukamata, ukatoka kwa mlango wa nyuma, na leo ni miaka minne. Juzi nimeyatafuta masharti yale nikayasoma. Kwenye ukurasa wa kumi na moja imeandikwa wazi kwamba nakala zinakwenda kwao. Nisamehe, Kaka. Nililia pale pale ofisini hadi wakili akafunga mlango.

Jana nimesaini. Kompyuta zote tisa nimeziwekea mfumo ambao fundi yeyote anaweza kuufungua na kuukagua ndani. Kwenye sababu nimeandika kwamba watu wetu walitukabidhi sisi siri zao, hawakuwapa wao. Jina langu sasa wanalo. Naogopa, sikufichi.

Nisalimie wifi na mapacha. Shangazi anakusalimu sana. Mama naye anakusalimu, na bado anauliza ni nani aliyekuchongea. Jumapili nitamwambia. Nimetaka ujue wewe kwanza.

Mungu akufunike popote ulalapo.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kifundi