Bega Langu na Mikono Yako

Mke mwenzangu Bi Mize, dada niliyeletewa na ndoa,

Bega langu linakusalimu. Maumivu yapo vile vile ulivyoyaacha: yanaanzia chini ya shingo upande wa kulia, yanatambaa mpaka katikati ya mgongo, na yakiamua kuja hayaulizi kama leo ni Ijumaa au sikukuu. Ila tumeshazoeana. Maji nachota kwa ndoo ndogo, nazi nakuna kwa mkono wa kushoto, na karafuu nachambua nimeegemea ukuta wa baraza, mto mgongoni kama bibi harusi. Sina dhiki. Tangu vianze hivi vita vya Wazungu mchele wa meli umeadimika, lakini muhogo wa hapa Wambaa tunao, na mume wetu analalamika kama kawaida yake, basi ujue ni mzima.

Unakumbuka yalivyoanza? Sikuanguka, sikubeba mzigo, sikugombana na mtu. Niliamka asubuhi moja ya msimu wa karafuu nikashindwa kunyanyua mkono kujifunga ushungi. Ukanichomea mchanga, ukaufunga kwenye kitambaa, ukaniwekea begani. Tangu siku ile, kila baada ya Alasiri ulinikanda kwa mafuta ya nazi huku ukinitania, "Mgongo mgumu kama wa punda wa shamba, halafu wajidai mwari." Ukanipeleka Chake Chake kwa daktari. Aliunyanyua mkono, akaushusha, akasema haoni kitu. Nikanywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, nikapigwa chuku ya kunyonya damu mpaka mgongo ukawa na mabaka. Maumivu yakakaa pale pale.

Ndipo nikaenda kwa mganga, wala sikukwambia. Alitazama mambo yake, akasema maumivu haya nimetiwa na mtu ninayekula naye sahani moja. Bi Mize, mimi na wewe tulipika jiko moja, jambo lililowashangaza watu wote, na sahani moja nilikula na wewe tu. Jina hakulitaja, na hakuwa na haja ya kulitaja. Nilirudi nikapanga mafiga yangu nyuma ya nyumba, nikakwambia moshi wa jiko lako unanitoa machozi. Ulipokuja na mafuta nikasema leo sijambo. Kisha, na hili ndilo linalonisuta mpaka leo, nikaenda kisimani nikawasimulia wanawake aliyoyasema mganga. Nilitaka kuhurumiwa tu. Haikufika Ijumaa, kijiji kizima kilikwishajua.

Hukuniuliza neno. Siku kama kumi hivi ulipika peke yako, na mimi nikapika peke yangu, na mume wetu akawa anakula mara mbili. Ikaja harusi ya jirani. Nywele zangu zilikuwa hazijaguswa, maana mkono haukupanda. Ukatoka ukumbini na kichanuo, ukatandika mkeka.

"Ndoo ukae," ukaniita, ukinionesha mkeka.

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa, kwa sababu mtu unayemdhania uchawi humpi nywele zako, na mtoto mdogo wa kwetu anajua hivyo. Ulinisuka taratibu, ukipakwepa pale bega linapouma. Macho yangu yalikuwa yanafuata kila unywele unaoanguka. Ulipomaliza uliziokota zote, za kwenye kichanuo na za kwenye mkeka, ukanitia kiganjani na kunifumbisha vidole.

"Nyele zako hizo. Zifukie mwenyewe, upajuapo wewe."

Kisha ukachukua kibakuli cha mafuta, ukaanza kunikanda. Ulikuwa unajua siku zote zile. Jioni yake niliyaondoa mafiga yangu, tukala pamoja.

Tuliishi vizuri baada ya hapo, tukacheka sana, na watu wakachoka kutusema. Radhi tu ndiyo sikukuomba. Ulipougua nilikuja kitandani kwako nimeyapanga maneno yote, ukaniwahi: "Bega vipi leo, mdogo wangu?" Nikajibu afadhali, na maneno yakaishia hapo. Siku ya kukuosha, kabla ya kukuzika, niliomba nywele zako nisuke mimi. Nilizisuka mikia mitatu, mkono unanilalamikia, na nilikuwa nalia, lakini hata kule kulia hakukuwa kuomba radhi.

Nakuomba leo, kwa sababu jana mwanao Asha alikuwa ananikanda. Mikono yake ni yako kabisa, dole gumba linajua pa kuingia. Tulikuwa tunapiga porojo tu, mara akashusha sauti.

"Mama mdogo, ati kweli mama alikuroga?"

Wamemwambia kisimani. Mtoto wako anachota maji pale pale, na mabinti wa wanawake wale wale wamempa maneno yangu. Ningeweza kusema ni uzushi wa watu, akaniamini, tukaendelea na porojo letu. Niliona haya sana, Bi Mize.

"Mama yako hakuniroga," nikamwambia. "Haya maumivu hakuna ajuaye yanatoka wapi, na mimi nimeacha kuuliza. Lakini maneno hayo niliyatoa mimi, kwa mdomo wangu. Nilimdhania, naye akajua, na bado akanikanda."

Mikono yake ikasimama begani pangu. Sikuthubutu kugeuka. Katika miaka yote ya ugonjwa huu sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, nimempa mgongo mwanao nangoja aninyanyukie aende zake. Kisha nikamsikia anachovya mafuta.

"Inama kidogo," akasema. "Sijafika penyewe."

Mungu akupe nafasi huko uliko, dada.

Mimi mke mwenzio na mdogo wako,
Time